Navratilova alichukuaje mataji sita Stuttgart wakati udongo haukuwa uwanja wake?

Swali: Shikamoo kocha. Nimeikuta orodha ya mabingwa wa mashindano ya tenisi ya wanawake ya Stuttgart, yale ambayo bingwa anapewa gari la Porsche. Anayeongoza ni Martina Navratilova, mara 6. Lakini Stuttgart wanacheza kwenye udongo, na Martina tumezoea kusikia alikuwa malkia wa nyasi. Halafu Steffi Graf, Mjerumani mwenyewe, hayumo hata mara moja, na Sabalenka amefika fainali nne akatoka mikono mitupu zote. Orodha ina makosa, au kuna jambo silijui? Na kwa nini wakubwa wote wanakimbilia mashindano ya pointi 500 tu?

Jibu: Marahaba. Orodha yako haina kosa. Umeisoma kwa jicho la mchezaji, maana umeona jambo ambalo wengi wanalipita wakihesabu mataji. Jina ni moja, lakini mashindano ni mawili. Mpaka mwaka 2008 yalichezwa Oktoba, ndani ya ukumbi, kwenye uwanja wa kasi usio na chembe ya udongo. Kuanzia 2009 yanachezwa Aprili, bado chini ya paa, lakini juu ya udongo mwekundu. Mdhamini hakubadilika, gari liliendelea kutolewa, na majina ya mabingwa yakaendelea kuorodheshwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Kumbe aliyeshinda 1988 na aliyeshinda 2022 hawakufanya kazi moja.

Hata mji wenyewe ulikuwa mwingine. Miaka yote ya mwanzo, kuanzia 1978 hadi 2005, mashindano haya yalikuwa Filderstadt, mji mdogo kusini mwa Stuttgart, jirani na uwanja wa ndege. Mfanyabiashara mmoja, Dieter Fischer, alikuwa na ukumbi wa tenisi pale, akawaza kuwaleta wanawake bora wa dunia wacheze mbele ya watu wa mji wake. Porsche, ambao makao yao makuu yako Stuttgart, wakakubali kudhamini tangu mwaka ule wa kwanza. Ndiyo maana haya ndiyo mashindano ya wanawake ya ukumbini yenye umri mkubwa kuliko yote Ulaya.

Bingwa wa kwanza alikuwa Tracy Austin wa Marekani. Alikuwa na miaka 15, ndiyo kwanza ameingia tenisi ya kulipwa, na gari aliloshinda hakuwa na umri wa kuliendesha. Akarudi 1979, 1980 na 1981 na kushinda kila mara. Mataji manne mfululizo, na tangu hapo hakuna mwanamke mwingine aliyefanya hivyo pale. Navratilova alifika matatu mfululizo, Maria Sharapova naye matatu, wakaishia hapo. Austin aliumia sana mgongo akiwa bado kijana, na watu wa rika lako hawamjui kabisa. Nasikitika kila nikikumbuka.

Sasa tuje kwa Martina wako. Alishinda 1982, 1983, 1986, 1987, 1988 na 1992. Ili uelewe kwa nini, usifikirie udongo wala Ujerumani. Fikiria ukumbi wenye paa na sakafu ya kasi. Hakuna upepo wa kuusogeza mpira unapourusha juu kuanzisha. Hakuna jua machoni. Mpira ukidunda haupandi juu, unateleza chini chini, na mpinzani anaupiga akiwa ameinama. Kwa mchezaji anayeanzisha mpira kisha anapanda wavuni, hiyo ni neema, kwa sababu mpira unaorudi unatoka chini kwenda juu, naye anausubiri pale wavuni auue kwa voli, yaani kabla haujadunda. Uwanja wa namna hiyo ni ndugu wa damu wa nyasi za Wimbledon, ambako Martina alichukua mataji 9. Udongo ni jambo jingine: mpira unapunguza mwendo, unapanda hadi begani, na mpinzani anapata muda wa kumpita pale wavuni. Roland Garros ya Paris, ambako ni udongo mtupu, Martina alishinda mara 2 tu.

Kisha kuna mkono wa kushoto. Wachezaji wangu wadogo huwa hawanielewi mpaka niwasimamishe uwanjani na kuwaonyesha. Mwenye shoto anapoanzisha kuelekea upande wa kushoto wa mpokeaji, mpira wake unajikunja kwenda nje, mbali na mwili wa mpokeaji anayetumia mkono wa kulia, moja kwa moja kwenye pigo lake la nyuma, yaani la upande wa kushoto. Na upande huo ndio zinakochezwa pointi za 40-30 na pointi za adivanteji, yaani pale gemu zinapoamuliwa. Kwenye udongo mpokeaji anaweza kurudi nyuma mita mbili akaungoja. Kwenye sakafu ya Filderstadt mpira ulikuwa umeshamkimbia. Martina aliutumia mkono huo mpaka 1992, akiwa na miaka 36 hivi, alipomfunga Gabriela Sabatini kwenye fainali. Laiti Filderstadt ingekuwa na udongo tangu 1978, mimi siamini angefika mataji sita.

Kuhusu Steffi Graf, hapo nami nilikuwa nashangaa kama wewe. Mechi yake ya kwanza kabisa kama mchezaji wa kulipwa aliichezea Filderstadt, mwaka 1982, akiwa na miaka 13. Aliyepangwa naye alikuwa Tracy Austin, bingwa mara nne wa pale pale. Steffi akafungwa 6-4, 6-0. Baadaye alikuja kuchukua mataji 22 ya Grand Slam, yale mashindano manne makubwa kuliko yote, lakini hili la nyumbani hakulipata hata siku moja. Mjerumani aliyewapa watu wa Filderstadt furaha ya kwanza alikuwa Anke Huber, mwaka 1991, naye akiwa na miaka 16. Fainali yake ilikuwa dhidi ya Navratilova mwenyewe. Huber alipoteza seti ya kwanza 2-6, akachukua ya pili 6-2, na ya tatu ikaenda mpaka taibreka, gemu ya kuamua seti: 7-6. Msichana wa shule amemfunga malkia wa ukumbi! Alirudi kushinda tena 1994, na alipostaafu akaingia kwenye uongozi wa mashindano haya haya.

Mabingwa wengine wa enzi ya sakafu ngumu nitawapitia haraka, kwa kuwa wanathibitisha neno lile lile. Martina Hingis alichukua 1996, 1997, 1999 na 2000, na lile la 1996 ndilo lililokuwa taji lake la kwanza la WTA, chama cha tenisi ya wanawake ya kulipwa, kwa mchezaji mmoja mmoja, alipokuwa ametimiza miaka 16 wiki chache tu nyuma. Lindsay Davenport alichukua 2001, 2004 na 2005. Huyu alikuwa na pigo la kuanzisha zito na mipira iliyonyooka, na udongo haukuwahi kumpenda. Kim Clijsters alichukua 2002 na 2003. Mwaka 2006 mashindano yakahamia mjini Stuttgart, kwenye ukumbi wa Porsche Arena, na Nadia Petrova akawa bingwa wa kwanza wa pale. Sakafu ilikuwa bado ngumu, na taji la mwisho la enzi hiyo akalibeba Jelena Jankovic Oktoba 2008.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. WTA walipanga upya kalenda yao kwa mwaka 2009. Ujerumani ilikuwa na mashindano yake makubwa ya udongo, German Open ya Berlin, yaliyochezwa Mei, nayo yalikoma baada ya 2008. Stuttgart ikatolewa Oktoba ikawekwa Aprili, kipindi ambacho wachezaji wanajiandaa kwa Roland Garros. Kwa hiyo udongo mwekundu ukaletwa ndani ya ukumbi, na kila mwaka uwanja unajengwa upya pale ndani. Miezi saba hivi baada ya Jankovic, Svetlana Kuznetsova alimshinda Dinara Safina kwenye fainali ya kwanza ya udongo. Juni ya mwaka huo huo wawili hao wakakutana tena fainali ya Roland Garros, na Kuznetsova akashinda tena.

Watu wakasema Stuttgart imekuwa kioo cha Paris. Nimehesabu mwenyewe: kuanzia 2009 hadi 2025 yamechezwa mara 16, kwa sababu 2020 yalifutwa kwa ajili ya korona. Katika hizo 16, bingwa wa Stuttgart amekwenda kushinda Roland Garros mwaka huo huo mara 5: Kuznetsova 2009, Sharapova 2012 na 2014, Iga Swiatek 2022 na 2023. Mara tano ni nyingi kwa mashindano ya wiki moja, ila bado ni chini ya theluthi. Usije ukaweka pesa zako hapo.

Sharapova nampenda sana katika hadithi hii. Huyu ndiye aliyewahi kusema kwamba kwenye udongo anajiona kama ng'ombe juu ya barafu. Kwa urefu wake na mipira yake iliyonyooka, kila mtu alimkubalia. Lakini alikaa akajifunza kuteleza, akaimarisha miguu, akajifunza kuvumilia mipira kumi na tano kabla ya kupata pointi moja. Mwaka 2012 akamshinda Victoria Azarenka, namba moja wa dunia wakati huo, 6-1, 6-4. Akarudia 2013 dhidi ya Li Na, na 2014 dhidi ya Ana Ivanovic baada ya kuanza kwa kupoteza seti. Mtoto akiniambia "kocha, mimi siwezi udongo," namsimulia habari za Sharapova kisha namrudisha uwanjani.

Lakini jihadhari: udongo wa Stuttgart si sawa na udongo wa Paris. Paris kuna mvua, baridi, upepo, jua. Mpira unalowa, unakuwa mzito. Stuttgart kuna paa. Hali ya hewa ya saa sita mchana ni ile ile ya saa tatu usiku. Anayeanzisha mpira kwa nguvu anaurusha juu anapotaka na unamngoja pale pale. Ndiyo maana utaona kwenye orodha Karolina Pliskova 2018, Petra Kvitova 2019 na Elena Rybakina 2024. Hao watatu silaha yao ya kwanza ni kuanzisha. Rybakina mwaka huo alimwondoa Swiatek nusu fainali, na Swiatek alikuwa hajawahi kupoteza mechi hata moja ndani ya ukumbi ule. Kwa hiyo hata ndani ya enzi ya udongo kuna chembe ya Filderstadt iliyobaki, na imebaki kwa sababu ya paa.

Umeuliza kuhusu Wajerumani, na nimekutajia Huber tu. Kwenye udongo wamefanya vizuri zaidi ya hapo. Julia Görges alimfunga Caroline Wozniacki, namba moja wa dunia, kwenye fainali ya 2011. Angelique Kerber alichukua 2015 na 2016, na ile ya pili ilikuwa mwaka wake mkubwa, kati ya Australian Open na US Open alizoshinda. Lakini waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na aliyetunzwa hasa ni Laura Siegemund. Amezaliwa Filderstadt. Mwaka 2016 alianzia kwenye mchujo, akapanda mpaka fainali, akafungwa na Kerber. Mwaka 2017 akarudi na kulichukua taji, akimfunga Kristina Mladenovic 6-1, 2-6, 7-6. Wiki chache baadaye, kwenye mashindano mengine Ujerumani, akachanika kano ya goti na msimu wake ukaishia hapo. Ukimwona leo akicheza mechi za wawili wawili akiwa na umri wa wenzake waliostaafu, kumbuka hilo goti.

Sasa Aryna Sabalenka. Fainali nne: 2021 alifungwa na Ashleigh Barty, 2022 na 2023 na Swiatek, na 2025 na Jelena Ostapenko. Wengine wanasema ukumbi ule una mkosi naye. Mimi naangalia kitu kingine. Mwaka 2021, wiki mbili baada ya Barty kumfunga Stuttgart, Sabalenka alikutana na Barty huyo huyo fainali ya Madrid, akashinda. Mwaka 2023, wiki mbili baada ya Swiatek kumfunga Stuttgart, wakakutana fainali ya Madrid, akashinda tena. Wachezaji ni wale wale, udongo ni mwekundu kote kuwili. Kilichobadilika ni mwinuko. Madrid iko mita 650 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unakwenda mbali na unadunda kwa nguvu. Stuttgart iko chini zaidi. Pale Barty alipata muda wa kuukata mpira ukashuka na kufa miguuni pa Sabalenka, na Swiatek alipata muda wa kuukimbilia. Madrid muda huo hawakuupata. Kwa mtu anayepiga kama Sabalenka, tofauti ya kufumba na kufumbua inatosha kugeuza matokeo.

Ile ya 2025 ni kisa kingine. Ostapenko hakumkata mpira wala hakumkimbiza. Alimpiga kwa nguvu kuliko yeye alivyozoea kuwapiga wengine, 6-4, 6-1. Wiki hiyo Ostapenko aliwafunga namba moja na namba mbili wa dunia, maana Swiatek alishamtoa robo fainali. Lilikuwa taji lake la kwanza kwenye udongo tangu aliposhinda Roland Garros mwaka 2017. Mbele ya mchezaji wa namna hiyo, siku akiwa ameamka vizuri, sina la kumfundisha mtu.

Kuhusu pointi 500 anazopata bingwa wa Stuttgart: ni kweli, bingwa wa Grand Slam anapata 2,000, na hapo katikati kuna mashindano ya 1,000. Lakini tazama kalenda. Wachezaji wametoka Miami kwenye sakafu ngumu, na mbele yao kuna Madrid, Roma, kisha Paris. Wanahitaji pa kuanzia udongo, na Stuttgart inawapa wiki moja isiyokatizwa na mvua. Wanaoingia ni 28 tu, na wanne wa juu wanavuka raundi ya kwanza bila kucheza. Mechi nne ukawa bingwa. Ubaya wake ni kwamba kwa kuwa mara nyingi zaidi ya nusu ya kumi bora wamo, hakuna mechi ya kujipasha moto. Unaweza kukutana na mtu mzito siku yako ya kwanza. Wachezaji wenyewe wameyapigia kura mara nyingi kuwa ndiyo wanayoyapenda zaidi katika daraja lake. Na gari linaegeshwa pale pale kando ya uwanja wiki nzima. Miaka ya karibuni limekuwa la umeme. Bingwa wa dunia ni binadamu. Analitazama kila anapobadilisha upande.

Ukitafuta Mwafrika kwenye orodha ya mabingwa wa mchezaji mmoja mmoja, hutampata. Aliyenipa matumaini ni Ons Jabeur wa Tunisia. Aprili 2023 alitoka kushinda Charleston, nayo ya udongo, akaja Stuttgart na kufika nusu fainali dhidi ya Swiatek. Gemu tatu tu, shavu la mguu likakataa, akatoka. Nilizima televisheni siku ile.

Nakushauri ufanye hivi: chukua kalamu, piga mstari kwenye orodha yako kati ya 2008 na 2009. Juu ya mstari Navratilova ana 6, Austin na Hingis 4 kila mmoja, Davenport 3. Chini ya mstari, hadi 2025, Sharapova ana 3, Kerber na Swiatek 2 kila mmoja. Kisha tafuta jina lililoko juu na chini pia. Utalikuta moja tu, Justine Henin wa Ubelgiji. Alishinda 2007 kwenye sakafu ngumu, akiwa namba moja wa dunia. Mei 2008 akastaafu ghafla. Januari 2010 akarudi uwanjani, na Aprili akaingia tena ukumbi ule ule, safari hii akakuta udongo chini ya miguu yake, akamfunga Samantha Stosur fainali. Alikuwa mfupi kuliko karibu wote aliowafunga, na pigo lake la nyuma alilipiga kwa mkono mmoja.